Karani Aliyetuuliza Kama Tunataka Kufa

Karani wa kliniki yetu alikuwa mtu wa hasira, na mimi ninamwandika nikiwa na hasira, kwa hiyo msomaji asitegemee upole hapa.

Kazi yake ilikuwa mafaili. Katika kituo chetu cha afya, pembeni mwa mji wa Kahama, kliniki ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI ilikuwa kwenye jengo la nyuma, ukishavipita vyoo, na mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa yeye, nyuma ya dirisha lenye nondo. Unampa kadi, anaitupia jicho, anainuka, anarudi na faili lako kabla hujamaliza kumsalimia. Hakusomea uuguzi wala ushauri nasaha. Alisomea, kama alivyopenda kusema mwenyewe, kupanga karatasi zisianguke. Sijui alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani, na sikuwahi kumuuliza. Sisi watoto tulimwita Karani. Yeye wasichana wote alituita mayu, yaani mama, hata mwenye miaka saba, na wavulana aliwaita bhabha, yaani baba, na alituita hivyo hata alipokuwa anatufokea.

Mara ya kwanza nilipomwona nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama mdogo, aliyenilea mtaa wa Nyasubi baada ya wazazi wangu kufa, alikuwa ameniambia kwamba dawa ninazomeza kila siku ni za kifua. Siku zote alikuja kunichukulia dawa peke yake. Safari hiyo walikuwa wamemwambia lazima aje na mtoto.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, mayu. Unakunywa dawa za nini?"

"Za kifua."

Karani akamgeukia mama mdogo. "Mama Shija, huyu mtoto anakohoa?"

"Karani, wewe toa faili."

"Nimeuliza, anakohoa?"

"Hakohoi."

"Basi mwambie anachonywea dawa. Nyumbani kwako, mmekaa, mlango umefungwa. Usipomwambia wewe, ataambiwa na mtu asiyempenda."

Foleni nzima ilisikia. Mama mdogo alilia njia nzima, na hakuniambia. Niliambiwa mwaka uliofuata, kwenye bomba la shule, na msichana mmoja wa darasani aliyeliona kopo langu la dawa. Alisema mama yake alikuwa na kopo kama lile mpaka alipokufa. Alisema kwa sauti, wenzetu wakiwa na ndoo mikononi, kisha akacheka. Nilimchukia yule msichana, nikamchukia mama mdogo, na kwa sababu ambayo sikuielewa wakati ule nilimchukia Karani kuliko wote, kwa kuwa alijua.

Hasira yake haikuchagua mtu. Kulikuwa na mhubiri mmoja aliyekuwa akikusanya makopo ya dawa za waumini wake na kuwaambia wameshapona. Karani alimfuata kanisani siku ya ibada, akakaa mstari wa mbele, na ulipofika wakati wa ushuhuda akasimama na kuomba arudishiwe makopo ya watoto watatu, mmoja mmoja, bila kuwataja majina. Alitolewa nje kwa nguvu. Jumapili iliyofuata alirudi. Jumapili ya tatu makopo yalirudishwa kwenye mfuko wa plastiki, na mama mmoja alikuja mpaka dirishani kumtukana kwamba amemwondolea mtoto wake muujiza. Karani alimwacha atukane mpaka achoke, akachukua kadi ya mtoto, akatoa faili.

Jumamosi tulikuwa na klabu ya vijana. Muuguzi ndiye aliyeiongoza. Karani alikaa pembeni na lundo la mafaili akijifanya anaandika. Kuna Jumamosi walikuja wageni wa mradi fulani na soda, biskuti na fulana za njano, kifuani zimeandikwa maneno kuhusu kuishi na virusi kwa matumaini. Walitaka tuvae, tupigwe picha, kisha twende nazo nyumbani. Yaani tutoke kliniki tukapite stendi, tukapite sokoni, mji mzima utusome. Wengine tulikuwa tumeshaanza kuzivaa, maana mtoto akipewa nguo mpya anavaa. Karani aliinuka, akapita akizikusanya zote, akazirudisha mezani kwa wageni.

"Vaeni ninyi," akawaambia. "Tembeeni nazo mpaka sokoni mkanunue nyanya. Mkirudi salama, watoto watavaa."

Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, alimlazimisha aombe radhi mbele yetu. Karani alisimama, akatugeukia sisi badala ya wageni, akakunja mikono nyuma kama mwanafunzi. "Naombeni radhi," alisema. "Nilitakiwa kuwaacha mle kwanza." Tulicheka mpaka muuguzi akatutoa nje. Ni moja ya siku chache za utoto wangu ninazozikumbuka kwa raha.

Neno alilolichukia kuliko yote lilikuwa mtoro. Ndivyo walivyoitwa, na bado wanaitwa, wanaokosa kuja kuchukua dawa. "Mtoro ni mtu aliyekimbia kitu," alikuwa akimwambia muuguzi. "Huyu amekimbia nini? Umemuuliza?" Jioni baada ya kazi, na siku za mapumziko kutwa nzima, alipanda baiskeli na kwenda kuuliza. Hakuna aliyemtuma. Alifika Nyasubi, akafika vijiji vya pamba, akafika machimbo ya dhahabu upande wa Geita, ambako kazi haina umri.

Huko machimboni ndiko alikomtoa Minza. Minza alikuwa amenizidi miaka miwili. Alikuwa akipika kwenye kibanda cha chakula karibu na makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na tajiri wake alimkatalia ruhusa ya kwenda kliniki miezi mitatu mfululizo. Karani alifika, akaagiza chai, akakaa. Akaagiza nyingine. Tajiri akamuuliza kama ana shida. "Nangoja huyu binti amalize kazi nimpeleke kwao," akasema. Hakusema kliniki. Wachimbaji wenye vumbi usoni walianza kuuliza huyu mzee ni nani, ni baba yake, ni polisi? Saa tisa alasiri tajiri alichoka kutazamwa, akamwambia Minza aende. Minza mwenyewe ndiye aliyetusimulia, akiigiza jinsi Karani alivyokunywa chai akiwa amenuna. Alikuwa fundi wa kuigiza watu. Alimwigiza Karani mbele ya Karani.

Lakini nimeanza kusema juu ya Minza kabla ya kusema juu yangu, na yangu ndiyo rahisi zaidi, maana niko hai.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni ambayo jina lake sitalitaja. Matroni alifanya ukaguzi wa masanduku, akakuta kopo la dawa, akaja nalo mstarini asubuhi. Akalinyanyua juu. "La nani hili?" Angeweza kuniita ofisini, maana jina langu lilikuwa limeandikwa kwenye kopo. Badala yake alilisoma hapohapo kwa sauti, majina yote matatu. Ilipofika saa sita mchana wasichana wa vitanda vya jirani walikuwa wamehamisha magodoro yao. Beseni langu liliwekwa nje, peke yake. Mwalimu wa darasa alinihurumia kwa kuniambia nisiende tena jikoni zamu ya kupika.

Nilirudi nyumbani likizo nikaacha dawa. Sikulia, na hicho ndicho ambacho watu hawakielewi. Nilikuwa mtulivu. Nilifua nguo zangu zote. Nilifagia uwanja kila siku kabla ya kuambiwa. Viatu vyangu vya wazi nilimpa Shija, binti wa mama mdogo, na gauni langu la Jumapili pia. Mama mdogo aliwaambia majirani kwamba bweni limenifunza adabu. Siku ya kliniki sikwenda.

Kesho yake Karani alikuja. Ilikuwa saa kumi jioni, mama mdogo anaanika mpunga. Aliegemeza baiskeli ukutani, akasema mwadila, salamu ya Kisukuma ya alasiri, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa bila kukaribishwa. Akamwangalia Shija miguuni.

"Hivyo viatu si vyako?" akaniuliza.

"Nimempa."

"Na wewe utavaa nini?"

Akasogeza ndoo karibu, akashusha sauti. "Mayu, nitakuuliza kitu, na nataka unijibu mimi. Unataka kufa?"

Siku zote zile nilikuwa nimeulizwa mengi. Kwa nini sili, kwa nini nimekonda, kama nina mimba, kama nimemwacha Mungu. Hilo halikuwa limeulizwa na mtu yeyote. Lilitoka kinywani mwake kwa sauti ya mtu anayeuliza namba ya kadi.

"Ndiyo," nikasema.

"Umeshapanga utafanyaje?"

"Ndiyo."

Yule mtu aliyekuwa akifokea dunia nzima hakufoka. "Sawa," alisema. "Umefanya vizuri kuniambia. Sasa tunajua wawili, na mimi siendi popote."

Akamwita mama mdogo na kumweleza pale pale, mbele yangu, kwa maneno yaleyale. Mama mdogo alidondosha ungo.

"Unamtamkia mtoto mambo ya kifo! Unamtia mawazo kichwani!"

"Mawazo anayo, Mama Shija. Mimi nimeyauliza tu."

"Majirani watasikia. Wataita polisi."

"Waite. Nitakuwepo."

Hofu ya mama mdogo haikuwa ya kijinga. Kwetu mtu aliyejaribu kujiua huogopa polisi kuliko anavyotafuta daktari, na aliyenusurika anaambiwa amevunja sheria. Nilifikiri wakati ule, na nafikiri sasa, kwamba aliyetunga sheria hiyo hajawahi kukaa na mtoto wa miaka kumi na sita aliyekwisha kugawa viatu vyake.

Karani alimpigia simu muuguzi, naye akaja na bodaboda. Walimwambia mama mdogo vitu vya kuondoa ndani, kwa sauti ya kawaida, kama wanamwagiza sokoni. Walimwambia nisiachwe peke yangu hata nikienda kuoga, mtu aniite kutoka nje na mimi niitike. Asubuhi yake wakanipeleka kwa daktari. Wiki sita zilizofuata wenzangu wa klabu walikuja kwa zamu, kila siku mmoja, kucheza karata na mimi au kukaa tu. Ratiba ya zamu ile ilikuwa na mwandiko wa Karani.

Sikupona siku ile. Nimesharudiwa na mawazo yale zaidi ya mara moja tangu wakati huo. Tofauti ni kwamba najua namna ya kuyasema, na najua kwamba mtu anaweza kuyasikia asidondoke.

Baadaye alikwenda shuleni kwangu kumwona mkuu wa shule. Sijui walizungumza nini. Najua kwamba matroni hakuadhibiwa. Alihamishiwa shule nyingine, yenye wasichana wengine na masanduku mengine.

Karani alijua kuuliza kwa sababu kulikuwa na mtu ambaye hakumuuliza. Huyo alikuwa Minza.

Ilitokea mwaka mmoja kabla ya mambo yangu. Minza alikuwa ameacha machimbo, anaishi kwa shangazi yake, anajifunza kushona. Mchumba wake alikuwa amejua hali yake na kumwacha, shangazi alikuwa ameanza kumtengea sahani, na fundi aliyemfundisha alikuwa amesikia maneno. Sisi tulimwona anacheka. Jumamosi moja kwenye klabu aliacha kucheka ghafla, akasema, "Nataka kuuliza. Kuna mtu mnamjua aliyezeeka na hii kitu? Simtaki wa kwenye bango. Namtaka mtu wa hapahapa, mwenye mvi, niende nikamwangalie."

Muuguzi alijibu kwamba wapo wengi, ila siri za wagonjwa hazitajwi. Alijibu sawasawa kama alivyofundishwa. Nilimwangalia Karani kwenye kona yake. Alifungua ukurasa wa faili, akaendelea kuandika.

Wiki chache baadaye Minza alikuja akiwa amesuka vizuri. Alimshukuru kila mtu. Alimshika Karani mkono kwa mikono miwili, akamwambia asante kwa siku ile ya machimboni. "Nenda salama, mayu," Karani akamjibu. Jumatatu tulipata habari kwamba amejiua.

Msibani walisema malaria. Mfawidhi naye alitaka faili lifungwe liandikwe amehama, kwa kuwa ripoti ilikuwa inakaribia kupelekwa juu na neno lile lingeleta maswali. Karani alikataa. Muuguzi ndiye aliyenisimulia, alikuwa amesimama mlangoni.

"Hajahama," Karani alimwambia bosi wake. "Tunajua alipozikwa."

Akachukua kalamu, akaandika kwenye ukurasa wa mwisho kwamba mteja amejiua, kwamba alikuja Jumamosi kuaga, na kwamba hakuna mtumishi aliyemuuliza, akiwemo mwandishi wa maneno haya. Akaweka sahihi. Alipewa barua ya onyo kwa kuharibu kumbukumbu za kituo. Tangu siku ile alianza kutuuliza. Mtoto akirudisha dawa nyingi mno, mtoto akishukuru sana, mtoto akiacha kugombana, Karani alimwita pembeni na kumuuliza bila kuzunguka. Wazazi walilalamika. Alipewa barua ya pili, kwamba yeye ni mtunza mafaili na hana sifa ya kushauri wagonjwa. Kwenye karatasi walikuwa na haki. Muuguzi mmoja kwa watoto wote wale, na ofisi ikaona tatizo ni mzee wa mafaili anayeuliza maswali. Waliniudhi wakati ule na wananiudhi mpaka leo. Kwanza walimhamishia stoo, kisha mkataba wake ulipokwisha hawakumpa mwingine. Siku yake ya mwisho aligombana na mlinzi kuhusu mahali pa kuegesha baiskeli, akaondoka bila kutuaga.

Kama ningeishia hapo, ningekuwa nimeandika juu ya mtakatifu, na hakuwa mtakatifu.

Nilipofika miaka ishirini na mbili nilikuwa nimepata mafunzo ya mshauri rika, nafanya kazi katika kituo kilekile. Nilimsindikiza binti mmoja aliyekuwa anahamia Chato kwa kaka yake mvuvi. Tulipofika kliniki ya huko ili akabidhiwe, kulikuwa na mzee kwenye benchi la wagonjwa, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, kadi mkononi. Nilimjua kwa namna alivyokuwa amenuna.

Nilimkabidhi binti kwa wenyeji, nikamngoja Karani nje. Alipotoka na mfuko wake wa dawa, hakujaribu kuuficha.

"Tangu lini?" nikamuuliza. Hata shikamoo sikumpa.

"Tangu alipokufa mke wangu."

Nilipiga hesabu. Ilikuwa kabla hajatukuta sisi. Miaka yote aliyokaa nyuma ya nondo zile akitutaka tuseme ukweli, alikuwa akipanda basi kutoka Kahama mpaka huku ziwani kuchukua dawa zake, na sisi tukiambiwa amekwenda kuangalia ng'ombe wake.

"Minza aliuliza," nikasema.

"Nilimsikia."

"Ungenyanyua mkono. Mkono tu, Karani."

Wanawake waliokuwa wanageuza dagaa juani waligeuka kututazama. Yeye alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Nilijua watasema karani mgonjwa anashika mafaili yetu," alisema. "Nilijua wataniondoa dirishani."

"Walikuondoa."

"Ndiyo."

"Na hukusema."

"Mayu, niliogopa. Sina maelezo mengine. Niliogopa siku ile, na baada ya Minza nikaogopa zaidi, maana sasa ningeulizwa kwa nini sikusema mapema."

Sisemi mkono wake ungemwokoa Minza. Mtu hafiki pale kwa sababu moja, na kazi yangu imenifundisha kutomtwisha mtu mmoja mzigo ule. Lakini mtoto aliuliza swali, na jibu lake lilikuwa limekaa chumbani humohumo, lina mvi, linaandika. Nilimwacha amesimama pale. Nilirudi kwa basi nikiwa na hasira, na kwa miaka mitatu sikumpigia simu, ingawa nilikuwa na namba yake na kila wiki nilikuwa nikiwauliza watoto swali lilelile alilonifundisha yeye.

Mwaka huu, Jumamosi moja ya mvua, alikuja kliniki.

Nilikuwa mlangoni na daftari la mahudhurio. Kwenye benchi la ukumbini alikuwa amekaa binti wa miaka kumi na mitano, kutoka kijiji cha upande wa Shinyanga, aliyekuwa amehudhuria klabu mara tatu bila kusema neno. Nilikuwa nimemuuliza nilichopaswa kumuuliza, na alinijibu kwa kupandisha mabega. Wauguzi walikuwa wameandika kwenye faili lake kwamba ni mkaidi.

Karani aliingia amelowa, anatembea kwa fimbo, mvi zimejaa kichwa kizima na kofia hana. Alikwenda moja kwa moja dirishani, ambako sasa anakaa dada mwenye kompyuta.

"Nataka kufunguliwa faili," alisema.

"La nani, mzee?"

"La kwangu. Barua ya uhamisho hii hapa. Nimekuwa nachukua dawa Chato, sasa nataka kuchukulia hapa."

Alisema kwa sauti ileile ya kufokea watu. Alitaka isikike, na ilisikika. Kina mama wawili waliokuwa wanamfahamu tangu zamani walitazamana. Yule dada alianza kuchapa.

"Kazi yako, mzee?"

"Nilikuwa nakaa hapo ulipokaa."

Aliambiwa asubiri. Nafasi ilikuwa kwenye benchi la yule binti tu, na alikaa kwa kuguna. Macho yetu yakakutana. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nilitamani hasira yangu iishe pale, ili niandike kwamba iliisha. Haikuisha. Nilikuwa nafikiri, ilikuchukua miaka yote hii kutembea kutoka mlangoni mpaka dirishani. Nilikuwa pia naona maji ya mvua yakimchuruzika shingoni bila yeye kuyafuta.

Binti alikuwa anamwangalia. Alimwangalia kichwani, mikononi, miguuni, bila adabu, kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

"Babu," akasema. Ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake. "Na wewe?"

"Na mimi."

"Siku nyingi?"

"Nyingi."

"Uliwahi kuchoka?"

Karani alinitazama, sijui kama alikuwa anaomba ruhusa. Sikumpa wala sikumnyima. Ukumbi ulikuwa umejaa watu waliomjua kama mtu wa upande wa pili wa dirisha.

"Nilichoka sana," alisema. "Mwaka aliokufa mke wangu nilitaka kufa. Nilikuwa nimeshaamua."

"Ukafanyaje?"

"Nilimwambia mtu. Dereva wa lori la pamba, hata simjui jina. Aliniuliza mbona nimekaa barabarani juani, na mimi nikamwambia ukweli. Akanipandisha kwenye lori. Alizunguka na mimi mchana kutwa, kijiji hadi kijiji, ananipa kazi ya kuhesabu marobota ili nisipate nafasi ya kuwaza. Jioni akanishusha Shinyanga, mlangoni kwa dada yangu, akamwambia dada yangu kila kitu nilichomwambia. Nilimkasirikia sana."

"Bado umemkasirikia?"

"Namtafuta mpaka leo."

Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba nilikaribia kukosa neno lililofuata. Binti alikuwa ameinamisha kichwa, anaongea na magoti yake.

"Mimi pia," alisema.

"Wewe pia nini, mayu? Sema, nisikie."

"Nataka kufa."

Karani hakushtuka wala hakumshika. Alisogea mpaka mwisho wa benchi, akaacha nafasi kati yake na yule binti, akaninyooshea fimbo niende. Niliweka daftari chini, nikakaa, nikamuuliza binti tangu lini.